Bakapu imefungwa, paswedi hatuikumbuki, na laptop iko kwa fundi

Anko shikamoo. Huku Uyole baridi imekaza hadi maji ya kunawa asubuhi unayaogopa, ila kilichonifanya nikuandikie sio baridi, ni simu.

Mimi nauza mchele, nautoa Kyela nawatumia wateja wangu Dar kwa mabasi, na biashara yangu yote iko kwenye simu. Kila jioni napiga picha daftari, nani kachukua kilo ngapi, nani kalipa nusu, nani ananizungusha. Simu yenyewe ni iPhone 11 ya GB 64, niliinunua used 2021.

Sasa mwaka 2023 mimi na mume wangu tulinunua shamba la viazi kule Isyonje, ekari moja na nusu. Siku ya kuonyeshwa mipaka nilirekodi video ndefu kama dakika 20, mwenye shamba anatembea na kamba, mwenyekiti wa kitongoji yupo, majirani wote watatu wapo na kila mmoja anasema kwa mdomo wake hapa ndio mwisho wangu. Baada ya hapo simu ikajaa, ukitaka kupiga hata picha moja inakwambia nafasi hakuna. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anasoma chuo Iringa, alivyokuja likizo akachomeka simu kwenye laptop yake ya HP akafanya bakapu, akaniambia dada futa unachotaka kila kitu kiko huku. Nikafuta. Video zote kubwa kubwa nilifuta na hiyo ya shamba ikiwemo, sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Mwaka huu jirani wa upande wa chini kapanda viazi ndani kwetu, mume wangu kapima ni hatua 12. Tukimuuliza anasema mpaka uko hapa siku zote. Mimi nikawaambia tulieni, video ipo. Mdogo wangu akaja na laptop, tukataka ile bakapu tuirudishe kwenye simu nyingine niliyonunua, iPhone 13 nayo used, maana hii 11 siku hizi inajizima zima. Laptop inasema tuingize paswedi ya kufungulia bakapu. Paswedi gani? Mdogo wangu anasema kweli kuna kisanduku alitiki kikamdai paswedi, akaweka, ila hakumbuki aliweka nini. Tumejaribu namba zangu za kufungulia simu, jina la mama, mwaka wake wa kuzaliwa, wapi. Tukanuniana siku mbili nzima.

Nikapeleka kwa fundi mmoja Mwanjelwa. Anasema ana programu ya kuvunja, anataka 150,000, nimempa 40,000 ya kuanzia, laptop na simu 11 vyote viko kwake tangu Jumatatu. Jana kanipigia anasema ikishindikana itabidi aiflashi simu ndipo bakapu ikubali. Mume wangu anasema achana nae, mimi naona hela imeshatoka. Anko nimruhusu aflashi? Na video nitaipata?

Ndaga fijo,
Mama Mchele, Uyole

*

Marahaba mama. Usimruhusu. Ukimaliza kusoma mstari huu mpigie mwambie asiguse chochote, halafu panda bajaji ukachukue simu na laptop yako leo leo, hata akikwambia kesho asubuhi anamalizia.

Nikueleze kwa nini nimekurupuka hivyo. Akiiflashi hiyo 11 kila kilichomo kinaondoka, na kwenye hiyo 11 ndiko kuna picha za daftari lako la madeni. Na ile bakapu ya kwenye laptop haitafunguka ng'o, maana haina habari kama simu imeflashiwa au imetumbukia Mto Kiwira. Nadhani huyo fundi kasikia nusu. Ni kweli simu ikifutwa inasahau paswedi ya bakapu na unaweza kufanya bakapu MPYA bila kuulizwa kitu, hapo hajadanganya, ila wewe hutafuti mpya unatafuta ya 2023, na ya 2023 ilishafungwa kwa paswedi ya siku ile. Hata hiyo mpya ina njia ya kuifanya bila kufuta kitu, nitakuonyesha huko chini.

Haya vifaa vikishafika nyumbani, SIMU USIICHOMEKE KWENYE LAPTOP KWANZA. Hapa ndipo wengi wanapoumia. iTunes, ile programu ya Apple ya kwenye laptop inayofanya bakapu, bakapu ya simu moja huwa inaiandikia juu ya ile ile ya zamani, na ikiwa imesetiwa kufanya bakapu yenyewe basi ukichomeka tu waya inaanza kabla hata hujakaa vizuri. Ikimaliza una bakapu ya leo, ambayo video ya shamba haimo maana ulishaifuta kwenye simu. Na fundi kama ameshaichomeka? Ndio maana nasema leo leo. Mdogo wako atakapoifungua folda ya bakapu aangalie tarehe, kama bado inaonyesha 2023 mshukuruni Mungu muendelee.

Folda yenyewe iko hivi. Kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows aandike %appdata% abonyeze Enter, aingie Apple Computer, halafu MobileSync, halafu Backup. Kama iTunes aliitoa Microsoft Store basi aandike %userprofile% aingie Apple kisha MobileSync. Humo atakuta folda yenye jina refu la herufi na namba zisizosomeka, hiyo ndiyo bakapu yako. Aikopi nzima nzima kwenye diski ya nje, asifungue ndani asibadilishe kitu. Hiyo kopi iwekeni kabatini.

Wakati anakopi aangalie na ukubwa wake. Simu ya GB 64 ilikuwa imejaa pomoni, kwa hiyo folda ikiwa na GB 40 au 50 basi video zako zimo humo zimelala. Ikiwa na GB 5 au 6 hapo mama kuna walakini, kuna uwezekano picha zilikuwa zinaenda iCloud, ile hifadhi ya Apple ya mtandaoni, na iCloud Photos ikiwa imewashwa picha na video haziingii kwenye bakapu ya kompyuta kabisa. Bora ujue hilo mapema kabla hujaanza kukonda kwa ajili ya folda isiyo na kitu.

Tuje kwenye paswedi. Hiyo haina pa kubonyeza 'nimesahau'. Apple wenyewe hawana, hata uwapelekee risiti na kitambulisho, kwa sababu haijahifadhiwa kwao, ilihifadhiwa kwenye kichwa cha mdogo wako. Kwa hiyo kazi iko kwenye hicho kichwa, na hapa naomba msinuniane, kwanza yule kijana alifanya la maana, ukitiki kile kisanduku bakapu inabeba mpaka paswedi zako zilizohifadhiwa, waifai, kumbukumbu za simu ulizopiga na data za afya, usipotiki vyote hivyo vinabaki nje.

Mkae wawili jioni, chai ya tangawizi, daftari, kalamu. Asianze kukisia ovyo ovyo. Aanze kujirudisha kwenye mwaka ule: alikuwa anatumia paswedi gani kufungulia hiyo hiyo laptop? Paswedi ya Apple ID yako aliijua? Namba zako za kufungulia simu za WAKATI ULE sio za sasa, maana kama uliwahi kuzibadilisha mmekuwa mnajaribu zisizo zenyewe. Namba yake ya usajili chuoni, paswedi ya email yake, jina la mpenzi wake wa mwaka ule (hapo wewe toka nje kidogo umuache aandike peke yake). Kila neno aliandike kwa sura zake zote, herufi ya kwanza kubwa, zote ndogo, namba mbele, namba nyuma, na 2023 mwishoni, watu wanapenda sana kuweka mwaka mwishoni. Afungue na kivinjari chake aangalie paswedi zilizohifadhiwa humo, sio kwamba hii itakuwepo, ila ataona tabia yake, mtu huwa ana paswedi mbili tatu anazizungusha maisha yake yote. Ingekuwa Mac ningekwambia pia mchungulie kwenye Keychain, kile kitunza paswedi chake, ila kwa HP hiyo haipo.

Kujaribu mtumie ile 13, maana bado haina kitu. Kwenye 13 zimeni Find My kwanza, ile ya kutafutia simu ikipotea, ichomekeni, chagueni kurudisha bakapu, mchague ya 2023, muweke paswedi. Ukikosea inasema umekosea unarudia, haifuti kitu. Ikikubali itaanza kuijaza hiyo 13, iacheni imalize.

Na hiyo programu ya kuvunja? Zipo, sitaki kukudanganya kwamba hazipo, ila hazivunji chochote, zinakisia kama nyie mnavyokisia isipokuwa hazichoki. Tangu iOS 10.2, toleo la mfumo wa iPhone lililotoka mwishoni mwa 2016, Apple waliweka kitu kimoja kigumu kweli, kila paswedi unayojaribu lazima kwanza isagwe mara milioni 10 kwa hesabu ndipo ijulikane ni yenyewe au sio. Ni kama kinu kinachokulazimisha utwange kila punje peke yake. Kwa laptop ya kawaida jaribio moja linaweza kula sekunde kadhaa. Sasa piga hesabu na mimi, tuseme sekunde 3. Kama mdogo wako anakumbuka neno lenyewe ila kasahau namba nne za mwisho, hayo ni majaribio 10,000, ni saa 8 na ushee, unaiwasha ukienda kulala asubuhi kazi imeisha. Kama hakumbuki chochote na ilikuwa herufi nane ndogo tu, bila namba, majaribio ni zaidi ya bilioni 208, na kwa mwendo huo huo ni kama miaka 20,000. Kompyuta yenye kadi kubwa ya grafiki inakimbia zaidi, ila mimi na wewe hatutakuwepo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi yeyote ni hili, 'utaanzia wapi kukisia?' Asipokuuliza yeye mwenyewe mdogo wako huwa anaweka paswedi za aina gani, basi hana anachofanya zaidi ya kuiacha laptop imewaka kaunta. Akikuuliza hayo, huyo anajua kazi. Ila hata huyo anayejua usimuachie folda kirahisi, humo ndani kuna paswedi zako zote za wakati ule, akifungua yeye amefungua na hizo. Mdogo wako kasoma chuo, hizo programu anaweza kuziendesha mwenyewe pale sebuleni.

Kuhamia 13 sasa. Hapo mama hauhitaji laptop kabisa, mmejizungusha bure. Iwe bado iko kwenye skrini ya mwanzo ya kukaribisha, uiweke pembeni ya 11, zote ziwe na waifai na Bluetooth, 11 yenyewe itakuuliza kama unataka kuisetia simu mpya, ukubali, utaskani kwa kamera ya 11 kiduara kitakachotokea kwenye 13, uchague kuhamisha moja kwa moja kutoka kwenye iPhone. Zinaongea zenyewe kwa zenyewe, data haipiti iCloud hivyo picha na video zako hazili bando, na hakuna paswedi ya bakapu inayoulizwa. Hii ipo tangu iOS 12.4 ya 2019 na simu zako zote mbili zinaiweza. Kama 13 ulishaianza kuitumia kidogo, au ile bakapu ya 2023 imeshaingia humo, itabidi ifutwe irudi mwanzo (video ya shamba uwe umeshaihamishia kwenye laptop), na hapo nakusihi shika simu mkononi useme kwa sauti 'hii ndiyo 13' kabla hujabonyeza, sitanii, nimeona mtu kafuta siyo.

Kabla ya hapo pia hakikisha 13 haijafungwa kwenye akaunti ya aliyekuuzia, used ni used.

Kuhusu kuzima zima. Betri ya 11 imechoka, na betri iliyochoka ikikutana na hiyo baridi ya Uyole inazima hata ikiwa na 30%. Usihamishe data asubuhi sebuleni kwenye sakafu ya baridi. Fanya mchana, chumba chenye joto, simu zote mbili ziko kwenye chaji, na usiiweke juu ya jiko la mkaa ukidhani unaisaidia. Inaweza kuchukua saa mbili au zaidi, iache. Ikizima katikati unaanza upya, haipotezi kitu kwenye 11. Na meseji za WhatsApp zikigoma kuja, WhatsApp yenyewe tangu 2023 ina njia ya kuhamisha kwa kuskani kodi ya QR baina ya simu mbili zilizo pamoja, ila na yenyewe inataka 11 iwe hai. Kila kitu hapa kinataka 11 iwe hai, ndio maana nimekukimbiza ukaichukue.

Nilikuahidi ile njia ya kufanya bakapu mpya bila kuflashi. Ingia Settings, General, shuka mpaka chini kabisa 'Transfer or Reset iPhone'. Utakuta mistari miwili imekaa karibu karibu kama mapacha, 'Reset' na 'Erase All Content and Settings'. Huo wa pili ndio wa fundi, usiuguse. Bonyeza Reset, halafu 'Reset All Settings'. Itakudai namba zako za kufungulia simu. Picha hazifutiki, meseji hazifutiki, namba za watu hazifutiki, kinachoondoka ni picha ya ukutani, mpangilio wa skrini, mwanga, paswedi za waifai na vitu vya namna hiyo, na pamoja navyo ile paswedi ya bakapu. Baada ya hapo unatiki kisanduku upya unaweka paswedi mpya. Ikikwambia usubiri saa moja usishtuke, simu zenye ule ulinzi wa kuzuia wezi ulioanza na iOS 17.3 zinafanya hivyo ukiwa mbali na nyumbani, we subiri au fanyia nyumbani. Na hata 13 nayo siku moja ikija kukudai paswedi ya zamani dawa ni hii hii. Ila nimesema, baada ya kukopi ile folda. Sio kabla.

Wakati mdogo wako anaumiza kichwa, wewe itafute hiyo video kwingine. Siku ile ile ya kupimwa hukumtumia mtu? Mume wako, mwenye shamba, shemeji yako aliyeko Dar aliyetaka kuona mlichonunua? Ingia kwenye chati zao za WhatsApp, gusa jina juu, angalia media, rudi mpaka 2023, na wao waangalie upande wao. Hata kipande cha dakika mbili kimepungua ubora, kinatosha ikiwa ndicho kile cha jirani wa chini anaongea. Halafu ingia Google Photos kwa Gmail yako kupitia kompyuta, watu wengi walishaiweka hiyo programu zamani wakasahau na yenyewe inapandisha vitu kimya kimya, akaunti ya bure ina GB 15.

Na jirani usimwambie kwamba video imegoma. Makubaliano ya mauziano mliandikishana, kopi iko ofisi ya kijiji au sio? Mwenyekiti wa kitongoji yupo, muuzaji yupo, majirani wengine wawili wapo, hao ndio waliosimama pale kwa miguu yao, na baraza la ardhi la kijiji litataka kuwasikia wao hata kama video ungekuwa nayo. Mume wako aende akawaone wiki hii viazi vikiwa bado vidogo, vikikaribia kuvunwa maneno yatakuwa mengi zaidi.

40,000 muombe akurudishie kwa upole, mwambie umebadili mawazo. Akikupa nusu chukua nusu uondoke, muhimu laptop iwe kwapani.

Ukishapata bakapu mpya, hiyo paswedi iandike kwenye lile daftari la mchele, ukurasa wa mwisho kwa ndani ya jalada, kwa kalamu ya wino, ila daftari likiwa na hiyo paswedi ukurasa huo usiupige picha. Andika na tarehe pembeni, maana ukija kuibadilisha utakuta mbili zimekaa hapo hujui ipi ni ipi.